Moshi Katika Darasa la Watoto

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tumelikosea, nalo ni hewa waivutayo watoto wetu wadogo wawapo darasani.

Hapa Mpanda, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi. Madirisha hufungwa, watoto huketi juu ya mkeka, na uji wao ulikuwa ukipikwa kwa kuni ukuta kwa ukuta na darasa. Mwaka jana tulizidisha: tuliingiza jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Wakakohoa, tukasema ni mafua ya kipupwe. Siku moja mtoto mmoja akasinzia juu ya juzuu yake; tukamwita mvivu, tukamwinua kwa ukali. Alipofika mlangoni akatapika. Alipelekwa hospitali, naye, alhamdulillahi, akapona. Lakini ule ukali wetu hautututoki moyoni.

Moshi waonekana, kilicho kibaya zaidi hakionekani. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na pengine haamki tena. Na mtoto wa miaka 3 huvuta pumzi mara 20 hata 30 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hata 20. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Wako watakaosema kwamba babu zetu walilelewa katika moshi. Ni kweli, lakini nani aliwahesabu wadogo zao waliozikwa kwa kichomi?

Na hili pengine litawachukiza baadhi yenu: ubani na udi tuvifukizao Ijumaa ni moshi pia, na dawa ya mbu ya kuchoma ni vivyo hivyo. Hatusemi viachwe, twasema vifukizwe watoto wakiwa nje, na madirisha yakiwa wazi.

Mwaka 2024 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni mpango mwema, lakini mtungi wa gesi una bei yake, na katika miombo ya Katavi kuni huokotwa bure. Tena mpishi wetu, mama mjane, aliogopa kwamba tukiacha kuni tutamwacha na yeye. Hatukumwacha. Tulihamisha jiko hatua 30 kutoka darasani, upande wa kaskazini magharibi, kwa kuwa upepo wa kiangazi hutoka kusini mashariki. Tukazibua madirisha mawili yaliyokuwa yamezibwa kwa matofali. Watoto twawaambia waje na sweta, na wasio nazo huketi upande wa jua. Mabati ya jiko tumekwisha kuyapata kwa michango ya wazazi. Umebaki mlango, na mvua za Novemba haziko mbali.