Wa barabarani anakamatwa, wa kilabuni anastarehe

KAULI YANGU
Na Salma Bakari

Anayetaka kujua sheria ya tumbaku inaheshimiwa kiasi gani hapa Kenya, na atazame wavu wa duka lolote la mtaani. Hatakosa kuona kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi. Mteja anatoa sarafu, anapewa sigara moja, anauvuta uzi, anawasha, huyo anakwenda zake. Ilhali Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka sigara ziuzwe kwa pakiti yenye sigara zisizopungua 10. Na anayevuta hadharani pasiporuhusiwa, sheria hiyohiyo inamwekea faini ya hadi Sh50,000 au kifungo cha hadi miezi sita.

Kwa hiyo hushangaa ninaposikia watu wakibishana redioni kama uvutaji upigwe marufuku hadharani au usipigwe. Ulishapigwa zamani. La kujiuliza ni nani anayekamatwa.

Anayekamatwa ni mvuta mkokoteni aliyesimama pembeni mwa barabara kupumzika. Askari wa kaunti wanamvizia, wanamshika mkanda wa suruali, wanamtajia korti. Mwisho wake mnaujua: anatoa kilichomo mfukoni, anaachiliwa. Moshi wenyewe ulishachukuliwa na upepo kitambo.

Saa tano za usiku, nenda kilabuni. Madirisha yamefungwa ili muziki usiwasumbue majirani, na ndani moshi umetanda hadi taa hazionekani vizuri. Hapo askari haingii, na akiingia ni mteja. Katikati ya moshi huo yuko msichana aliyebeba trei. Ameingia jioni, atatoka alfajiri. Yeye ndiye anayemwaga visahani vya majivu, na shisha ikiagizwa yeye au mwenzake ndiye anayevuta mikupuo ya kwanza hadi makaa yashike, kisha anampokeza mteja bomba. Naam, shisha ileile iliyopigwa marufuku nchini Desemba 2017.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa tumbaku wasiyoivuta wao. Wengi huwafikiria watoto na wake za wavutaji, na ni haki kuwafikiria. Ila huyu wa trei hana anayemtaja.

Wenye baa wana jibu lao: hii ni biashara yangu, asiyependa moshi akanywe kwingine. Mnywaji anaweza, ana miguu na ana pesa. Mhudumu ataenda wapi, na kodi ya nyumba inamngoja mwisho wa mwezi? Ireland ilipoondoa sigara katika baa zake zote Machi 2004, waziri wa afya wa wakati huo, Micheál Martin, aliisimamia hoja hiyohiyo: baa ni mahali pa kazi, na mfanyakazi wake ana mapafu kama ya karani wa benki. Baa za Dublin zingali zinajaa, na wavutaji hutoka nje wakavutia kwenye baridi.

Najua wapo watakaoniambia matatu moja inatoa moshi mweusi kuliko sigara mia. Kweli kabisa. Nayo iondolewe barabarani.

Sina ugomvi na mvutaji. Nikotini ikishamkamata mtu haimwachii kwa kukaripiwa, na kumfukuza kila kona ya mji ni kumwonea. Mwacheni avutie nje, mbali na mlango. Kosa liko katika sheria yetu, iliyoruhusu vyumba maalumu vya kuvutia ndani ya majengo, kana kwamba moshi unajua mipaka ya ukuta, na kana kwamba vyumba hivyo vinajifagia vyenyewe. Jirani zetu Uganda walipotunga sheria yao mwaka 2015 hawakuacha mwanya huo: ndani ya jengo la umma au la kazi havuti mtu, na nje mvutaji akae umbali wa mita 50.

Bunge liondoe vyumba hivyo. Magavana nao wawahamishe askari wao kutoka pembe za barabara za mchana, wawapeleke vilabuni usiku, na faini alipe mwenye kilabu, mbele ya hakimu, kwa risiti.