Tsavo ni ya nani?

Juzi tulitoka Mombasa alfajiri, tukaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Bachuma. Tulilala siku mbili kwenye hema, tukapiga picha za ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi la huko, na nyati wakinywa maji pale bwawa la Aruba. Nilipowatumia jamaa zangu picha, mmoja akauliza: "Kwani na sisi twaruhusiwa?"

Twaruhusiwa, tena mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Lakini swali lake lina mzizi. Tangu mbuga hii itengwe mwaka 1948, jirani yake ameonja zaidi hasara. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya Tsavo, na kaunti imedai fungu lake la mapato miaka nenda, miaka rudi. Mkulima wa Voi amjua ndovu kwa mahindi yaliyokanyagwa, si kwa kamera.

Kwa maoni yangu, fungu hilo litolewe, na sehemu yake iwapeleke watoto wetu wakaone. Nani atalinda kilichomtia hasara tu?