TAARIFA YA TAWI: TUNASIMAMA NA MPINA, NA MASWALI YETU TUNAYO

Ndugu wanachama, wazalendo wenzetu wa mwambao na wa milimani,



Tangu Mkutano Mkuu wa 6 Agosti 2025 ulipompitisha ndugu Luhaga Mpina kuwa mgombea wetu wa urais, kwa kura 559 dhidi ya 9 za ndugu Aaron Kalikawe, simu ya tawi haijapumzika. Wapo wanaoshangilia, wapo walionuna, na wawili wametaka kurudisha kadi. Jumapili tulikaa, tukabishana mpaka giza likaingia. Tuliafikiana kuyajibu maswali matatu makubwa kwa maandishi, ili wa Mbamba Bay, wa Liuli na ndugu zetu wa kahawa kule Mbinga wote wasome kitu kimoja.

*1. JANA CCM, LEO MGOMBEA WETU. INAKUWAJE?*

Swali ni halali, na anayeliuliza si msaliti. Wengi wetu tulitaka mtu aliyekulia ndani ya chama, aliyelala nasi njaa tangu 2014. Kikao hakikuficha hilo.

Lakini tutazame rekodi. Mpina alikuwa mbunge wa Kisesa tangu 2005, na alikuwa waziri. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, anakula vizuri. Yeye hakunyamaza. Juni 2024 alisimama bungeni akidai Waziri wa Kilimo amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya sukari. Alipeleka alichokiita ushahidi, na akazungumza na waandishi wa habari. Bunge likamkuta na hatia ya kudharau mamlaka ya Spika, likamfungia vikao 15. Mwaka 2025 jina lake halikurudi kwenye kura za maoni za chama chake.

Hatusemi kila alichokisema kuhusu sukari kilikuwa sahihi. Tunasema alidai hesabu kwa watu wa chama chake mwenyewe, akijua gharama yake, na akailipa. Viongozi wa aina hiyo nchi hii inao wachache.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumempa jembe siku ya kwanza. Sasa tuangalie analimaje.

*2. HUYU SI YULE WAZIRI WA KUCHOMA NYAVU?*

Ndiye. Hapa ndipo kikao kilipokuwa kigumu, na hatutalizunguka.

Mpina alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi kuanzia 2017 hadi 2020. Chini yake zilipita operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, hasa Ziwa Victoria. Nyavu zilichomwa na watu walitozwa faini. Mvuvi wa Nyasa anayeishi kwa usipa na mbasa hahitaji kuelezwa hasara ya nyavu. Wavu ukiungua, ada ya mtoto imeungua pamoja nao.

Upande wa pili tuuseme pia. Kokoro linamaliza samaki wachanga, na wazee wetu ndio wa kwanza kulalamika kwamba mbasa si wengi kama zamani. Ziwa likiisha, hakuna wa kumshtaki. Kosa halikuwa kulinda ziwa. Kosa ni kumlinda samaki kwa kumfukarisha mvuvi, bila kumpa muda wala njia ya kupata nyavu halali.

Kwa hiyo kikao kimeamua: tunamuunga mkono, na tunamwandikia. Barua itapita kata na jimbo hadi kwa timu ya kampeni. Tunataka atamke mbele ya wavuvi, kwa kinywa chake, anajutia nini katika operesheni zile na atafanya nini tofauti. Aliyejipatia jina kwa kuwahoji wengine hawezi kukasirika akihojiwa.

*3. KWA NINI TUSISUSIE?*

9 Aprili 2025 Mwenyekiti wa CHADEMA, ndugu Tundu Lissu, alikamatwa hapahapa Mbinga baada ya mkutano wa hadhara. Akawekwa ndani kwa kesi ya uhaini. Wapo wanaoona kuingia uchaguzini ni kumpa mkono aliyewafunga wenzetu. Uchungu huo tunao pia. Ila chama chetu kimeamua kuipigania kura kikiwa ndani ya uwanja, na sisi tunaona uwanja ukiachwa mtupu, aliyebaki anajitangaza bila jasho.

Tusidanganyane: njia ni nyembamba. Novemba 2024, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa kwa sababu za fomu. Ndiyo maana tunawaomba viongozi wetu wa juu, kwa heshima, wahakikishe karatasi za uteuzi wa mgombea huyu hazina tundu hata dogo. Aliyeingia chamani kwa haraka atatafutiwa kosa kwa haraka.

*TUNAOMBA YAFUATAYO*

▪️ Uteuzi wa Tume ni 27 Agosti 2025. Mgombea urais anahitaji wadhamini 200 waliojiandikisha kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake Zanzibar. Fomu ikifika kwetu, njoo na kadi yako ya mpiga kura. Usidhamini wagombea wawili, na usimwandikie jirani ambaye hayupo. Namba moja mbovu inaharibu kazi ya watu wote.

▪️ Wavuvi na wachuuzi wa usipa wenye hoja za kuingia kwenye barua, mleteeni katibu kabla ya Ijumaa. Asiyejua kuandika aje aseme, tutaandika.

▪️ Wale wawili wa kadi: hatujazipokea. Njooni Jumapili tuongee kwanza. Tawi hili linawahitaji nyinyi kuliko linavyohitaji watu wa kupiga makofi tu.

Kura ni 29 Oktoba 2025.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Uongozi ya Tawi