Nyuma ya Katuni Wanazotazama Wana Wetu



Mama mmoja wa hapa Mombasa alituletea shauri. Bintiye, mwanafunzi wa kidato cha tatu na hodari wa kuchora tangu utotoni, alikuwa amepata nafasi ya kuzuru kwa siku moja studio ya katuni jijini Nairobi. Babake alisita kwa mambo mawili: je, uchumi huu ni wa halali? Na je, hii ni kazi, ama ni mchezo tu? Tulimshauri baba afuatane na mwanawe wakaone kwa macho yao, kwani wanazuoni wetu wametufunza kuwa kulihukumu jambo hutanguliwa na kulifahamu.

Waliporejea, binti alitusomea daftari lake. Lililomshangaza kwanza ni kuwa kazi haianzi kwa kuhuisha picha. Huanza kwa hadithi iliyoandikwa. Kisha hupangwa picha ndogo ndogo za kila tukio. Kisha sauti za wahusika hurekodiwa, na midomo ya katuni ikafuatishwa na sauti hizo. Sekunde moja ya filamu hupita picha 24. Dakika moja, picha 1,440. Kompyuta hubeba sehemu ya mzigo, lakini jicho na mkono wa mtu haviondoki. Kijana aliyeketi naye alishinda akirekebisha mwendo wa punda mmoja, na kufikia jioni alikuwa amekamilisha sekunde chache tu. Baba akapata jibu la swali lake la pili.

Swali la kwanza ni zito zaidi, nasi hatulipunguzii uzito. Maulamaa wamehitilafiana. Wapo wanaokataza kuchora kila chenye roho, kwa hadithi sahihi zilizopokewa juu ya wenye kutengeneza sura. Wapo wanaovua yale ya kuwafunza na kuwaliwaza watoto, wakitegemea wanasesere wa Bibi Aisha, radhiya Allahu anha, ambao Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, hakumkataza kuchezea. Kila mzazi na amwendee mwanachuoni anayemwamini. Lakini binti aliona jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii: katika studio ile alikuwamo mtu ambaye kazi yake ni kuchora kuta, miti na mawingu tu, mwingine akipanga sauti, mwingine akiandika maneno. Ibn Abbas, radhiya Allahu anhuma, alimwelekeza mchoraji aliyemjia kwenye miti na visivyo na roho. Basi hata mwenye kushika kauli iliyo kali hakosi mlango katika ufundi huu.

Huenda mtu akasema: si bora tuyaache yote? Twamjibu kuwa runinga na simu zimo majumbani mwetu tayari, na mtoto hatakosa cha kutazama. Linalobaki ni kujua atasimuliwa hadithi za nani. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi, vipindi 52, kwa mtindo wa uchoraji ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, yafunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Majirani zetu wameweza. Visa vya Abunuwasi na ngano tulizosimuliwa na bibi zetu wa Lamu, Pate na Malindi zahitaji nazo mikono ya wana wetu, wanaojua adabu zake.

Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto wa namna hii na afuatane naye. Aulize ujira, saa za kazi na nafasi ya swala. Aulize pia ni kazi zipi studio hukubali, na zipi huzikataa hata zikilipwa vizuri.

Baba yule hajatoa ruhusa ya moja kwa moja. Amemnunulia bintiye daftari kubwa la kuchorea, kwa masharti mawili: masomo yasizoroteke, na kazi ya kwanza iwe ni kuuchora mtaa wao, nyumba kwa nyumba, pamoja na hadithi moja aliyoiandika mwenyewe. Binti ameshamaliza baraza tatu.

Mola awajaalie wana wetu ilimu yenye manufaa. Amin.