Mitiki tunayo, tunataka wabunifu

Huku Mlimba kazi ya ubunifu wa samani inatuhusu sana. Bonde letu la Kilombero lina mashamba makubwa ya mitiki yaliyoanza kupandwa miaka ya 1990, lakini fundi wetu bado anachonga kitanda cha tano kwa sita kwa kuangalia picha ya simu. Mkono anao. Anachokosa ni mtu wa kukaa na penseli kabla ubao haujapigwa randa.

Chukua droo ya kabati. Ikibanwa barabara kiangazi, masika inavimba na kugoma kabisa. Mbunifu anajua ubao hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hausogei, hivyo anaacha nafasi juu ya droo tangu kwenye mchoro.

Halafu usafiri. Mwaka 1956 kampuni ya samani ya IKEA ya Sweden ilitoa meza ya Lövet, ambayo miguu yake inafunguliwa ili isafirishwe kwa urahisi. Reli ya TAZARA inapita hapa hapa Mlimba! Meza ya mtiki ya kufunga kwa boliti ingefika Mbeya au Dar es Salaam bila kuvunjika mguu. Vijana wetu wa useremala wafundishwe kuchora, si kupasua na kupiga randa tu.