WATUHESABU NA SISI TUENDAO KWA MIGUU



Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima, barabara kuu namba 3 hapa Rumonge ni yetu sisi. Wavunaji wa michikichi wanakwenda mashambani, wamama wamejitwika madebe ya mawese, wavuvi wanarudi na ndagala, vijana wa baiskeli wamebeba watu na mizigo. Kisha yanakuja malori.

Mwenzetu mmoja aligongwa penye njia panda akienda zamu ya asubuhi. Mguu ulikatwa. Mwajiri wake akajibu kwamba hakuwa kazini, alikuwa njiani. Njiani kwenda wapi, kama si kazini? Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1964, unataka kila nchi iliyoukubali itaje wazi ni lini ajali ya njiani inahesabiwa kuwa ajali ya kazi. Hilo tutalidai mahali pake. Leo twataka kusema juu ya njia panda yenyewe.

Wengi husema: wekeni taa, mambo yatakwisha. Hatuzikatai taa. Lakini taa ya kwanza ya barabarani iliwekwa London Desemba 1868, ikiwaka kwa gesi, na haukutimia mwezi ikalipuka na kumjeruhi askari aliyeiendesha. Taa ni chombo tu. Ikipangwa vibaya, gari la mwisho linapita kwa taa ya manjano na mwenye baiskeli amekwisha kuingia upande wa pili.

Siku hizi mainjinia hawangoji watu wafe ndipo wajue njia panda ni mbaya. Wanahesabu magari, mwendo wake na wapi yanakata kona, wanayaingiza katika programu ya kompyuta, na kompyuta inaigiza njia panda hiyo mara nyingi, kila mara kwa bahati tofauti. Wamarekani walitoa mwaka 2008 programu inayohesabu nusura za ajali: vyombo viwili vikibakiza chini ya sekunde moja na nusu kabla ya kugongana, inaandika. Sekunde moja na nusu ni kitu gani? Lori la kilometa 60 kwa saa hupita mita 25 katika muda huo. Pimeni kwa hatua zenu mtaona.

Sisi tulioishia shule ya msingi twaikubali kazi hiyo. Kuona ajali kabla ya damu ni jambo la haki. Ila kompyuta hula kile inacholishwa. Programu hizo zilitungwa kwa nchi ambako gari hufuata mstari wake na dereva hutii taa. Nani ataiambia habari za mwenye baiskeli aliyefunga magunia manne ya mihogo asiyeweza kusimama ghafula? Nani ataiambia kwamba Tanzania huendesha kushoto na Burundi kulia, na dereva aliyevuka mpaka pale Mugina, amechoka, akikata kona usiku mkono wake unakumbuka desturi ya kwao? Na umeme ukikatika, taa ikazimika, kompyuta imeigiza hilo? (Kule Kinshasa mwaka 2013 walisimamisha maroboti ya kuongoza magari yanayotumia nguvu ya jua. Watu walicheka, lakini jua halikatiki kama umeme.)

Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali mwaka 2018 kugharimia kilometa 45 za barabara yetu, Rumonge mpaka Gitaza. Barabara nzuri huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka mara mbili, lori huhitaji mara nne ya nafasi ya kusimama tangu dereva akanyage breki. Kwa hiyo twadai: popote watakapopima njia panda za pwani hii, wahesabu watembea kwa miguu na baiskeli, na wahesabu saa ya zamu, si saa nne asubuhi wakati sisi tuko kazini na barabara imetulia.

Na sisi tusikae bure. Kila tawi lichague watu wawili wa kusimama penye njia panda yake asubuhi na jioni, wiki moja, waandike kila nusura ya ajali: saa, chombo gani, kimetoka wapi. Daftari liko kwa katibu wa tawi. Asiyejua kuandika aje asimulie, tutamwandikia.