Hasira Zinazofuata Kalenda

Huenda nyumbani kwako yumo mama au binti ambaye kila mwezi hufikiwa na siku akawa si yeye. Moyo wamdunda, usingizi wamruka, matiti yauma, na neno dogo tu lamtoa machozi. Hedhi ianzapo, hutulia. Usiharakishe kusema ana kisirani! Daktari Robert Frank wa New York aliandika kuhusu hali hii mwaka 1931.

Mwili una neva zinazojiendesha bila kungoja amri yako. Kundi moja hukurupusha: moyo huenda mbio, jasho likatoka. La pili hutuliza. Mwaka 2007 watafiti wa Japani waliopima mapigo ya moyo walieleza kwamba wanawake wenye dalili hizi, siku za kabla ya hedhi, neva zao za kutuliza hulegea. Basi si deko. Wala si lazima homoni ziwe zimezidi. Mwili wa mwingine huzihisi kwa ukali zaidi.

Lakini si kila hasira hutokana na hedhi. Wasomaji wa mjini huenda hawaijui Macalder, kule Nyatike, Migori. Mgodi mkubwa ulifungwa 1966, ila wachimbaji wadogo bado wanatafuta dhahabu, na wanawake huponda mawe, huosha mchanga na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, kisha huchomwa. Mvuke wake hudhuru neva: hasira, kukosa usingizi, mikono kutetemeka, kusahausahau. Mama huyu akiambiwa "hayo ni mambo ya wanawake", atarudi machimboni kuvuta sumu ileile.

Atatofautishaje? Achukue daftari, aandike dalili na tarehe za hedhi kwa miezi miwili au mitatu. Zikija kabla ya hedhi na kutoweka baadaye, mazoezi na kulala mapema husaidia, na zikiwa kali daktari anazo dawa. Zisipokoma hata baada ya hedhi, au mikono ikitetemeka, aende hospitali na aseme waziwazi kwamba anashika zebaki, ili mkojo upimwe. Mjamzito asingoje daftari. Zebaki humfikia mtoto tumboni. Naye baba asiichomee jikoni, watoto wakiwa wamezunguka meko.